Wanachama 1,000 si dola 5,000: pesa ya laivu inayofika mkononi ni kiasi gani hasa?

#1 MtuWaKojani (mtoa uzi)

Assalam alaykum wanabaraza.

Juzi usiku mpwa wangu kanipigia kutoka Nungwi. Yuko mapokezi kwenye hoteli moja kule, huu mwaka wa pili. Akanambia mwisho wa mwezi anaandika barua ya kuacha kazi, anunue kompyuta, aanze kurusha gemu laivu. Nikamuuliza, utakula nini? Akanijibu: "Mjomba, nataka wanachama elfu moja tu. Kila mmoja dola 4.99 kwa mwezi. Si dola elfu tano hizo? Milioni kumi na mbili na ushei!"

Kuzidisha kazidisha sawasawa. Lakini mimi ndiye ninayeshika daftari la chaneli yetu ya bao hapa Kwerekwe, mwaka wa tatu sasa, na haujapita hata mwezi mmoja pesa ikaja kwa hesabu ile. Naandika uzi huu kwa ajili yake, na kwa ajili ya kila kijana wa Unguja na Pemba anayeambiwa habari hii na watu wasiomwonesha daftari.

Kwanza tuweke maneno sawa, maana hapa ndipo wengi wanapopotea. "Sabskraiba" wa YouTube ni mtu aliyebonyeza kitufe tu, hatoi hata senti. Ninayemzungumzia mimi ni mwanachama wa kulipia: anakatwa kila mwezi, naye anapata beji mbele ya jina lake, emoji za chaneli, na mambo mengine madogo madogo. Mtu anaweza kuwa na sabskraiba elfu ishirini na wanachama wa kulipia kumi na wawili. Nimewaona.

Sisi tuko Twitch, jukwaa la kurusha laivu, kwa hiyo naanza nalo. Madaraja ya uanachama ni matatu: dola 4.99, dola 9.99 na dola 24.99. Kwa Marekani daraja la kwanza lilipandishwa mwaka 2024 likawa dola 5.99. Karibu wote wanaokulipia watakaa daraja la kwanza, la tatu tumewahi kumpata mtu mmoja tu, naye ni shemeji yangu. Mgawo wa kawaida ni nusu kwa nusu. Ile 4.99 ya mpwa wangu ishakuwa 2.50 kabla jua halijachomoza.

Nusu hiyo nayo ni nusu ya bei ya wapi? Tangu 2021 Twitch ina bei kwa kila nchi. Walianza Mexico na Uturuki mwezi Mei mwaka ule, halafu wakaeneza kwengine, Afrika na Mashariki ya Kati zikiwemo. Kwa mtazamaji ni jambo jema, maana dola tano kwa mtu wa Mkoani si sawa na dola tano kwa mtu wa Toronto. Lakini wewe mrushaji unapata nusu ya ile bei ndogo. Wakikulipia ndugu zako wa hapa nyumbani watupu, sahau 2.50.

Inafuata kodi ya Marekani. Unapojiunga unajaza fomu inayoitwa W-8BEN, ya kusema wewe si mtu wa kule. Sehemu ya pesa inayohesabiwa kuwa imetoka Marekani inakatwa asilimia 30 kama nchi yako haina mkataba wa kodi nao, na Tanzania haina. Kwetu kipande hiki si kikubwa, watazamaji wetu wengi wako Maskati, Dubai na London. Anayetafuta watazamaji wa Marekani, na wacheza gemu wengi ndio wanaowatafuta, kitamgusa zaidi.

Na pesa haitoki mpaka ifike kiwango. Ilikuwa dola 100 kwa wote, mwaka 2022 ikashushwa hadi 50, ila ukipokea kwa hawala ya benki ya kimataifa bado ni 100. Sisi tunapokea kwa benki, kwa hiyo tunangoja 100. Hata ukifika, hulipwi siku ile. Mwezi unaisha kwanza, halafu unangoja katikati ya mwezi unaofuata.

Sasa daftari. Nimeomba ruhusa kwa wenzangu wawili, wamekubali niweke wazi.

Mwezi wetu bora kuliko yote ulikuwa Ramadhani. Baada ya tarawehe watu wanakaa, na walioko nje wanataka kusikia sauti za barazani. Tulifika wanachama 64. Kwa hesabu ya mpwa wangu hiyo ni dola 319.

Katika hao 64, 22 walikuwa wa zawadi: mtu mmoja wa Maskati kanunua uanachama akawagawia waliokuwemo kwenye gumzo. 9 walitumia ule wa bure unaotolewa kwa mwenye Amazon Prime. Waliojilipia wenyewe kwa kadi zao walikuwa 33, na 12 kati yao wako nchi za bei ndogo. Twitch wakatuandikia dola 128. Kodi ikaondoa kidogo, benki ya katikati ikachukua chake, benki ya hapa nayo ikachukua chake. Zilizoingia ni 104. Tuchukue dola kwa Sh 2,500 ili hesabu iwe nyepesi: laki mbili na elfu sitini. Tuko watatu. Kabla ya kugawa tukatoa bando na umeme, kama elfu sabini. Kila mmoja akaondoka na elfu sitini na tatu na kidogo, kwa usiku kumi na mbili wa saa tatu tatu.

Na huo ndio mwezi bora.

Mwezi wa pili, Mfungo Mosi, 64 wakawa 27. Hakuna aliyetuchukia! Zawadi ikishapita mwezi wake inakufa, yule aliyepewa hakutoa kadi yoyote. Wale wa Amazon Prime, uanachama wao haujirudii wenyewe, lazima mtu abonyeze upya kila mwezi. Sita kati ya tisa walisahau. Na waliojilipia, tisa kadi zilikuwa tupu au wameamua kupumzika baada ya sikukuu. Tukaandikiwa dola 55. Haikufika 100, kwa hiyo mwezi ule hatukupokea kitu. Mwenzetu mmoja alikuwa ameshaahidi nyumbani kwake pesa ya viatu vya skuli vya mtoto kutoka humo. Ilibidi tumkopeshe. Sura yake siku ile ndiyo iliyonifanya nianze kuandika kila kitu kwa kalamu.

Kwa hiyo mpwa wangu akinambia "wanachama elfu", mimi namuuliza: elfu wa mwezi gani? Waliojilipia wangapi? Na mwezi wa tatu wamebaki wangapi? Hiyo namba ya mwezi wa tatu ndiyo mshahara wako. Zilizobaki ni upepo wa kusi, leo upo, kesho umegeuka.

Hata Twitch wenyewe wanajua hivyo. Wana mpango wa mgawo bora: asilimia 60 kwako ukifikisha pointi 100, asilimia 70 ukifikisha 300, na lazima uzishike miezi mitatu mfululizo. Mwanachama wa daraja la kwanza ni pointi 1, la pili 2, la tatu 6. Wa zawadi na wa Prime hawahesabiwi kabisa. Nilipolisoma sharti hilo nilisimama. Kampuni yenye hesabu zote za dunia inatazama mtu aliyetoa kadi yake mwenyewe na akarudi mwezi wa pili na wa tatu.

Karibuni mchangie. Wenye daftari tuwekeeni.

#2 KangaYaMaskati

Waalaykum salaam kaka. Mimi ni katika hao wanaogawa zawadi, ingawa si yule wa 22. Niko Oman mwaka wa kumi na moja, kwetu Wete.

Nakwambia kweli, sikujua. Nikilipa mimi najua nimewapa watu wa kwetu riyali zangu zote. Kumbe inafika nusu, halafu nusu yenyewe inaliwa njiani! Imeniuma.

Lakini usidhani tunalipia emoji. Mimi nalipia ile sauti ya kete zikimwagwa na wazee wanabishana "umetakata wewe, hukuteka". Watoto wangu wanazungumza Kiarabu na Kiingereza. Usiku ule ndio wanaosikia Kipemba. Binti yangu sasa anasema "yakhe" mbele ya walimu wake.

Swali langu: si bora nikutumieni moja kwa moja kwenye simu, kuliko kupitia huko?

#3 MtuWaKojani (mtoa uzi)

Ahsante dada yangu, na mwanao Mungu amkuze.

Kwa hesabu tupu, ndiyo, ukituma moja kwa moja tunapata nyingi zaidi. Ada ya kutuma na ya kutolea kwa wakala haifiki nusu hata siku moja. Wako watu wanne wanaofanya hivyo kila mwezi, nao kwa pesa wanatushinda wanachama wote wa mwezi wa kawaida. Nimeliacha kwenye andiko la juu kwa sababu nilitaka kuzungumzia uanachama tu, lakini umelitaja na ni kweli.

Ila tusiuache uanachama kabisa. Beji ikikaa mbele ya jina lako miezi sita, unaingia kwenye gumzo unaamkiwa kwa jina, wazee wanakuuliza mtoto kapona? Anayetuma kwa simu hatumwoni mwahala mle. Na pia uanachama unajikata wenyewe. Anayetuma kwa mkono lazima akumbuke. Wewe kama unaweza, jilipie wako mmoja kila mwezi, na ile pesa ya zawadi itume kwa simu.

Jambo jengine: mkilipa, lipieni kwenye kivinjari, si ndani ya programu ya iPhone. Duka la Apple lina makato yake, na mara nyingi bei ndani ya programu huwa kubwa zaidi kwa sababu hiyo.

#4 Ngalawa_Mbio

Mtoa uzi unakatisha tamaa vijana. Kai Cenat, yule mrushaji wa Marekani, alianza chumbani kwake. Mwaka 2025 kafikisha wanachama zaidi ya milioni moja Twitch. MILIONI. Hata akichukua nusu, piga hesabu. Wewe unatuletea habari za elfu sitini na tatu za bao.

#5 MtuWaKojani (mtoa uzi)

Ndugu yangu, sikatishi tamaa, na hilo la Kai Cenat ni kweli: Septemba 2025, kwenye laivu yake iliyokwenda mwezi mzima mchana na usiku. Mwaka mmoja kabla, Novemba 2024, laivu ya namna hiyo hiyo ilimfikisha zaidi ya 700,000. Kabla yake alikuwapo Ludwig, aliyerusha siku 31 mfululizo Machi na Aprili 2021 akapita 280,000 na kuvunja rekodi ya mrushaji mwengine, Ninja, ya mwaka 2018.

Lakini tazama zote tatu zimepatikana vipi. Ni mbio za mwezi mmoja. Ludwig aliweka saa inayoongezeka kila mtu anapolipia. Watu walilipia ili asizime. Zawadi zilimwagwa kama mchele kwenye harusi. Mwezi uliofuata zawadi hizo zinakufa, kama zangu 22 zilivyokufa. Mtu kama Ludwig ana wadhamini, ana video, ana kila kitu, anaweza kuporomoka akabaki mrefu. Mimi na wewe je?

Kuna jambo jengine ambalo halisemwi. Oktoba 2021 Twitch walivujishiwa mafaili yao, na ndani yake malipo ya warushaji tangu 2019. Juu kabisa walikuwa Critical Role, dola milioni 9.6, xQc milioni 8.4, summit1g milioni 5.8. Watu walitaja hizo namba tatu nne za juu mwezi mzima. Kwanza, hayo ni malipo ya miaka miwili, na yamechanganya uanachama, matangazo na biti, yaani zile pongezi za kununua za Twitch. Pili, Critical Role si mtu mmoja chumbani, ni kundi zima la waigizaji na wafanyakazi wao. Ile ni kampuni.

Ukiitazama bahari kutoka Mkoani siku meli imetia nanga, utadhani kila chombo ni kikubwa vile. Shuka gatini uhesabu vidau.

#6 Ngalawa_Mbio

Sawa nimekuelewa hapo kwenye zawadi kufa. Sikuwa najua haijirudii. Lakini bado nasema kijana ajaribu.

#7 FundiRedio_Darajani

Mbona hamzungumzii Kick, jukwaa jengine la laivu? Kule mrushaji anachukua asilimia 95, jukwaa linabaki na 5. Kwenye dola 4.99 unapata 4.74. Masharti mepesi: wafuasi 75 na saa tano za kurusha. Mimi nilihamia, na kwa mwanachama mmoja napata karibu mara mbili ya nilichopata Twitch.

Tatizo nililolikuta: watu hawakuhama na mimi. Nilikuwa na 19 kule, huku nikapata 6. 19 mara 2.50 ni 47 na nusu. 6 mara 4.74 ni 28. Mgawo mzuri wa kidogo. Nangoja waongezeke.

#8 Maalim_wa_Vitongoji

Nimesoma uzi wote, Allah akujazi kheri mwandishi.

Kwa huyu ndugu wa Kick nina neno, na nalisema kwa mapenzi. Jukwaa lile liliingia mwishoni mwa 2022, na walioliasisi ndio hao hao wa Stake, kampuni ya kamari ya mtandaoni. Kwa muda mrefu watu wamekuwa wakiuliza jukwaa linawezaje kujiendesha kwa asilimia 5, na jibu linalotajwa ni hilo. Humo pia kuna watu wanaorusha kamari waziwazi.

Mimi si mufti na sitoi fatwa kwenye simu. Lakini kijana wa Kiislamu kabla hajaanza kula kutoka mahali, aulize pesa ya mahali inatoka wapi, kama anavyouliza nyama kachinja nani. Aende kwa sheikh wake amweleze jinsi lilivyo, asimfiche.

#9 FundiRedio_Darajani

Maalim, sikulijua hilo. Wallahi sikulijua. Mimi narusha kutengeneza redio na amplifaya tu, kamari sijaigusa. Nitauliza Ijumaa hii inshallah.

#10 BintiTibirinzi

Mimi niko YouTube, napika. Naomba niwaeleze ya kule maana wengi wa hapa mtaanzia huko.

Uanachama wa YouTube mrushaji anachukua asilimia 70, na pesa za pongezi kwenye laivu pia ni 70. Kwa mgawo ni bora kuliko Twitch ya kawaida. Mlango wa uanachama unaanzia sabskraiba 500, video tatu mpya ndani ya siku 90, na ama saa 3,000 za kutazamwa kwa mwaka au video fupi kutazamwa mara milioni 3 ndani ya siku 90. Lakini angalia kwanza kwenye dashibodi yako kama kipengele chenyewe kimefunguliwa kwa nchi uliyoandikisha, maana kuingia kwenye mpango wa mapato na kuruhusiwa uanachama ni vitu viwili mbalimbali. Kodi ile ya asilimia 30 kwa pesa ya watazamaji wa Marekani ipo, tangu 2021. Na usipojaza fomu, wanaweza kukata hadi asilimia 24 ya pesa yote, hata ya mtazamaji wa Chake. Jazeni fomu!

Sasa kisa changu. Mapato yakifika dola 10, Google wanakutumia barua ya karatasi kwa posta, ndani yake namba ya siri ya kuthibitisha anwani. Mimi niliandika "nyuma ya msikiti, Tibirinzi". Nikangoja wiki tatu, nne, saba. Ukipita miezi minne hujathibitisha, matangazo yanasimamishwa. Nililia. Kosa lilikuwa langu, hiyo si anwani ya mtu wa mbali kuijua. Nikaomba barua ya pili, nikaandika sanduku la posta la ami yangu wa Chake, ikafika ndani ya mwezi. Alivyoniletea kile kibarua kidogo nilikikunjua mikono inatetemeka.

Kwa hiyo kabla ya kununua kamera, pateni S.L.P. Ni jambo dogo, lakini pesa yote inapita hapo.

Malipo ni mpaka ufikishe dola 100. Mimi nilikusanya miezi kumi na mmoja kupata 100 ya kwanza. Nikanunua mtungi wa gesi wa pili.

#11 Ngalawa_Mbio

TikTok je? Vijana wote wa Mjini wako kule, wanatupiwa mawaridi usiku kucha.

#12 MtuWaKojani (mtoa uzi)

Waridi moja ni koini moja, na koini moja ni senti ya dola na kidogo kwa anayenunua. Jukwaa linachukua karibu nusu, kwa hiyo kwako linabaki kama nusu senti. Mawaridi mia mbili ndiyo dola. Wafuasi 1,000 na miaka 18 ndio mlango. Uanachama wa laivu walianza kuujaribu 2022, ila kwa watu wetu pesa ya kule ni zawadi, si uanachama. Na zawadi inataka uombe. Usiku kucha unaomba. Wengine wanaweza, mimi nimejaribu mara mbili roho yangu imekataa.

#13 Hesabu_za_Michenzani

Mimi ni mhasibu, niongeze mawili matatu.

Kodi ya mapato ni jambo la Muungano, linashughulikiwa na TRA hata ukiwa Zanzibar. ZRA ni kodi nyengine. Pesa ya laivu ni mapato kama ya duka. Wekeni kumbukumbu: karatasi ya malipo ya jukwaa, karatasi ya benki, risiti za bando. Mtoa uzi na daftari lako, Mungu akubariki, laiti wateja wangu wangekuwa kama wewe.

Pili, kuna kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018, zilizoleta leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kwa wanaotoa maudhui; zimerekebishwa mara kadhaa tangu hapo. Mwanzo gharama zake zilipita milioni mbili kwa mwaka wa kwanza. Mwenye kutaka kurusha habari au mijadala aende akaulize kwanza lipi linamhusu, asingoje kuitwa.

Tatu, msiweke taarab ya watu nyuma ya laivu yenu. Ina wenyewe, na COSOZA, wasimamizi wa hakimiliki Zanzibar, ipo. Hata jukwaa lenyewe linaweza kukunyamazishia sauti. Nimeona chaneli nzuri ya mapishi imepata maonyo matatu kwa nyimbo.

#14 MtuWaKojani (mtoa uzi)

Ahsante sana. La taarab limetugusa, tulikuwa tukiwasha redio barazani. Tumeacha. Sasa inasikika upepo na muadhini, na watu wa nje wanasema ndivyo wanavyotaka.

Niongeze la umeme maana nilipita haraka. Kila umeme ukikatika katikati ya laivu tunapoteza watu, na baadhi yao ndio wa kadi zao wenyewe. Sisi tulioishi Unguja gizani miezi mitatu, Disemba 2009 mpaka Machi 2010, hatujawahi kuuamini waya mmoja chini ya bahari. Tulinunua betri kabla ya maikrofoni. Mwezi wa pili wa betri, waliojilipia waliongezeka watano. Huenda ni sadfa, lakini mimi naamini ni kwa sababu laivu ilianza saa tatu na nusu na ikaisha saa sita na nusu, kila Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, bila kukosa. Mtu akijua utakuwepo, kadi yake haiondoi.

#15 Mapokezi_Kaskazini

Mjomba ni mimi.

Dada wa nyumbani kanitumia uzi huu kazini, nimeusoma wote nyuma ya kaunta. Watu wote hawa wananizungumza mimi.

Sikujua kuhusu zawadi na Prime. Sikujua bei ya nchi. Niliona video ya yule jamaa anaonesha dashibodi yake, namba kubwa, hakusema ilikuwa mwezi gani.

Lakini mjomba na mimi nina langu. Hapa napokea wageni saa kumi na mbili kwa siku, natabasamu mpaka mashavu yanauma. Nikicheza eFootball, lile gemu la mpira, na wenzangu nikawa natangaza kama mtangazaji wa redio, watu wanasimama mlangoni kusikiliza. Hata wageni wasiojua Kiswahili. Sitaki kuwa tajiri kama Kai Cenat. Nataka kufanya kitu ninachokiweza.

#16 KangaYaMaskati

Mwanangu, tangaza. Lakini wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Mimi nitakuwa mwanachama wako wa kwanza, kwa kadi yangu, si zawadi. Na nitarudi mwezi wa tatu.

#17 MtuWaKojani (mtoa uzi)

Mpwa wangu, nimesoma mara mbili. Nisamehe kwa kukuanika hapa. Sikutaja jina lakini wa kwetu wamekujua.

Sauti yako naijua. Ulipotangaza fainali ya ng'ombe na kanga ukiwa na miaka minane, bibi yako alicheka mpaka akakaa chini. Sikwambii usirushe. Nakwambia barua usiipeleke mwisho wa mwezi huu.

Masika inakuja. Aprili na Mei hoteli za huko zinapungukiwa wageni, nyengine zinafunga kabisa, na wewe mwenyewe ulinambia mwaka jana walikupa likizo bila malipo. Miezi hiyo miwili ni yako. Kompyuta usinunue, tumia ile ya barazani, betri ipo, laini ipo. Rusha usiku ambao sisi haturushi: Jumatatu, Jumatano, Ijumaa. Fungua ukurasa mpya kwenye daftari langu. Safu ya kwanza waliojilipia, ya pili zawadi, ya tatu Prime, ya nne kilichoingia benki. Wageni wakirudi Juni nawe urudi kaunta, uendelee usiku mmoja kwa wiki. Mwezi wa tisa tukae mimi na wewe na mama yako tuitazame ile safu ya kwanza. Ikiwa ile peke yake, baada ya makato yote, imefika nusu ya mshahara wako miezi mitatu mfululizo, barua nitakuandikia mimi kwa mkono wangu.

#18 Mapokezi_Kaskazini

Nusu ya mshahara kwa waliojilipia tu? Zawadi hazimo?

#19 MtuWaKojani (mtoa uzi)

Hazimo. Zawadi tutanunulia maikrofoni.

#20 Mapokezi_Kaskazini

Sawa mjomba. Nina zamu mpaka Alhamisi. Ijumaa nikitoka nakuja na gari la mchana, nitafika Kwerekwe kabla ya magharibi. Nije na pedi zangu za gemu au mnazo?

#21 MtuWaKojani (mtoa uzi)

Njoo nazo. Na pitia posta kwanza, uulize bei ya sanduku.